Ngao, matabaka, koni au kuba: namna ya kuitambua aina ya volkano

Mtu anayetaka kujua volkano fulani ni ya aina gani huanza kwa kutazama umbo lake, na huo ni mwanzo mzuri ingawa hautoshi. Milima miwili inaweza kufanana kwa mbali, kumbe mmoja umejengwa kwa lava iliyotiririka taratibu na mwingine kwa majivu na mawe yaliyorushwa angani kwa maelfu ya miaka. Vilevile kilima kidogo chenye umbo la koni kinaweza kudhaniwa kuwa mlima mkubwa ulio bado mchanga, ilhali kimeumbwa kwa njia nyingine kabisa na yamkini hakitakua tena. Ulinganisho ufuatao unaziweka aina kuu mbilimbili, kwa kufuata jinsi zinavyochanganywa, na katika kila jozi unaonyesha dalili ambayo kwa maoni yangu inastahili kuaminiwa kuliko nyingine.

Kinachoamua: silika, gesi na chanzo cha magma

Magma ni mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini ya ardhi; ukishatoka huitwa lava. Tabia yake hutegemea zaidi kiasi cha silika, yaani kiwanja cha silikoni na oksijeni, kilichomo, kwa sababu silika hujiunga katika minyororo inayoizuia magma kutiririka, yaani inayoipa mnato. Aina iitwayo basalti ina silika ya takriban asilimia 45 hadi 52, hutoka ikiwa na nyuzijoto 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi, na hutiririka kwa wepesi. Andesiti huanzia hapo hadi asilimia 63 hivi. Dasiti na rioliti huzidi kiwango hicho, nazo hutoka zikiwa na joto pungufu, rioliti mara nyingi ikiwa kati ya nyuzijoto 700 na 900, jambo ambalo huuongeza mnato wake maradufu.

Gesi ndiyo inayogeuza mnato kuwa hatari. Mvuke wa maji, kaboni dioksidi na dioksidi ya salfa huwa zimeyeyuka ndani ya magma wakati inapokandamizwa na uzito wa miamba iliyo juu yake. Magma inapopanda, mgandamizo hupungua na gesi hizo huanza kutengeneza viputo. Katika basalti viputo hupenya na kutoka bila taabu kubwa, ndiyo maana hata chemchemi za lava zinazopanda mamia ya mita angani huweza kutazamwa kutoka mbali kwa usalama. Katika dasiti au rioliti viputo hunaswa, hutanuka, na hatimaye huivunjavunja magma yenyewe kuwa vumbi la kioo na mawe mepesi ya pumisi. Majivu ya volkano, kwa hiyo, hayatokani na kitu chochote kilichoungua.

Chanzo cha magma hueleza kwa nini aina fulani huonekana mahali fulani. Pale ambapo mabamba ya ganda la dunia yanaachana, au ambapo joho la dunia, yaani tabaka lililo chini ya ganda, linapanda likiwa na joto la kupita kiasi, mwamba huyeyuka kwa kupunguziwa mgandamizo na matokeo yake huwa zaidi basalti. Pale ambapo bamba moja linazama chini ya jingine, bamba linalozama hutoa maji, na maji hayo hushusha kiwango cha joto ambacho joho huyeyukia. Magma inayotokea huko huwa na maji mengi tangu mwanzo, na inapokaa ndani ya ganda la dunia madini yenye silika kidogo huganda kwanza na kubaki chini, hivyo sehemu inayosalia huzidi kuwa na silika. Ndiyo sababu pete ya volkano inayoizunguka Bahari ya Pasifiki imejaa milima mirefu inayolipuka, ilhali visiwa vya Hawaii, vilivyo katikati ya bamba, vina milima mipana inayobubujika.

Volkano ya ngao na volkano ya matabaka

Hii ndiyo jozi kuu, na inafaa kuianza kwa Mauna Loa ya Hawaii na Fuji ya Japani. Kwa kimo juu ya usawa wa bahari hazitofautiani sana: Mauna Loa ina mita 4,170 hivi na Fuji ina mita 3,776. Hata hivyo, Mauna Loa imetanda juu ya karibu nusu ya kisiwa cha Hawaii, zaidi ya kilomita za mraba 5,000, na ukiipima kutoka sakafu ya bahari inazidi mita 9,000. Mtu aliyesimama kwenye ubavu wake anaweza asitambue kwamba yuko mlimani, kwa kuwa miteremko yake mingi haifiki digrii 10. Fuji, kinyume chake, huanza na mwinuko mpole chini, kisha hukaza kadiri unavyopanda hadi kuzidi digrii 30 karibu na kilele. Mkunjo huo wa ubavu, unaobonyea kuelekea ndani, ni alama ya volkano ya matabaka. Ubavu wa ngao huwa umenyooka au umevimba kidogo kuelekea nje.

Tofauti ya ndani ni kubwa kuliko ya nje. Ukikata volkano ya ngao utakuta maelfu ya tabaka nyembamba za lava, nyingi zikiwa na unene wa mita chache tu, zilizolaliana bila majivu mengi katikati. Lava hiyo haikutoka kileleni pekee. Ngao nyingi zina kanda za nyufa zinazoanzia kileleni na kushuka ubavuni, na magma husafiri ndani ya kanda hizo makumi ya kilomita kabla ya kutokea. Ikishatoka, lava huenda mbali kwa sababu uso wake huganda na kuifunika, nayo ikaendelea kutiririka ndani ya mfereji uliofungwa bila kupoteza joto. Mkondo wa Mauna Loa wa mwaka 1859 ulikwenda zaidi ya kilomita 50 hadi baharini. Mfereji kama huo ukikauka huacha pango: pango la Kazumura katika volkano ya Kilauea limepimwa kwa zaidi ya kilomita 60.

Volkano ya matabaka imejengwa kwa kupokezana. Mlipuko hutandaza majivu, pumisi na vipande vya mawe. Baadaye lava nzito hutoka na kuganda karibu na tundu, ikiyafunika yale yaliyo legevu. Kisha magma inayojipenyeza katika nyufa za mlima huganda na kuwa kuta za mwamba zinazoushikilia pamoja. Bila kuta hizo na bila vifuniko vya lava, mvua ingelikwisha kuumomonyoa mlima wote. Hata hivyo mjengo huu una udhaifu wake: matabaka yameinama, baadhi yamelainishwa na gesi na maji moto, na ubavu mzima unaweza kuteleza. Ndivyo ilivyotokea katika Mlima St. Helens nchini Marekani tarehe 18 Mei 1980, ambapo magma ilikuwa imeuvimbisha ubavu wa kaskazini kwa majuma kadhaa hadi ukaporomoka, mgandamizo ukaachiliwa ghafla, na mlipuko ukatokea kwa upande. Watu 57 walikufa, na kilele kikashuka kutoka mita 2,950 hivi hadi 2,549.

Hatari za aina hizi mbili, kwa hiyo, hazifanani hata kidogo. Ngao huharibu nyumba na barabara, lakini kwa kawaida watu huwahi kuondoka. Volkano ya matabaka huua kwa mporomoko wa gesi moto, majivu na mawe unaoshuka ubavuni kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa saa, kama ule wa Mlima Pelée katika kisiwa cha Martinique uliouangamiza mji wa Saint-Pierre tarehe 8 Mei 1902 pamoja na watu wapatao 28,000. Huua pia kwa lahari, yaani tope la majivu na maji. Mlipuko wa Nevado del Ruiz nchini Kolombia mwezi Novemba 1985 haukuwa mkubwa, ila uliyeyusha sehemu ya barafu ya kileleni, na tope lililoshuka mabondeni liliufunika mji wa Armero na kuua zaidi ya watu 20,000.

Sasa ije jozi inayotibua utaratibu huu wote. Mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Nyamulagira na Nyiragongo zimesimama karibu karibu. Nyamulagira, yenye mita 3,058, ni ngao isiyo na ubishi. Nyiragongo, yenye mita 3,470, ina miteremko mikali na kasoko pana (shimo la tundu la volkano) kileleni, na kwa kawaida vitabu huiweka katika kundi la matabaka. Lakini lava yake ina silika kidogo kuliko hata basalti ya kawaida na ni miongoni mwa lava zinazotiririka kwa wepesi mkubwa kabisa zinazojulikana. Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa kileleni lilimwagika kupitia nyufa za ubavuni kwa muda usiofika saa moja, likishuka kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa saa. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji wa Goma hadi Ziwa Kivu, na Mei 2021 nyufa zikafunguka tena. Hapa umbo la matabaka linabeba lava inayokwenda kasi kuliko ya ngao, na ule mteremko mkali ndio unaoizidishia kasi. Anayechagua aina kwa kutazama umbo pekee atatabiri hatari isiyo yake.

Kwa jozi hii, basi, ningeshauri kutegemea matabaka yenyewe. Tafuta mahali ambapo mto au barabara imeukata mlima. Ukiona lava juu ya lava juu ya lava, hiyo ni ngao hata kama imechongwa na mvua ikawa na magenge. Ukiona majivu na mawe yaliyochanganyika yakipishana na lava, hiyo ni ya matabaka. Etna ya Sicilia inaonyesha kwa nini jibu linaweza kuwa mawili: sehemu zake za chini na za kale zina tabia ya ngao, na juu yake imekaa volkano ya matabaka.

Koni ya skoria na volkano ya matabaka

Zote mbili zina umbo la koni, na picha isiyo na kitu cha kupimia kimo huweza kumdanganya yeyote. Skoria ni vipande vya lava vyenye vitundu vingi, vyeusi au vyekundu, vilivyorushwa na gesi na kuganda hewani kabla ya kuanguka kuzunguka tundu. Koni inayotokea ni sawa na rundo la mchanga uliomwagwa: ubavu husimama kwa digrii 30 hadi 35 na hauwezi kusimama zaidi, kwa kuwa hakuna kinachovishika vipande hivyo. Ubavu wake umenyooka toka chini hadi juu, hauna ule mkunjo wa Fuji, na kasoko ya kileleni ni pana ukiilinganisha na kimo cha kilima. Ni nadra koni hizi kuzidi mita mia tatu au nne.

Kipimo cha uhakika zaidi ni muda. Volkano ya matabaka hujengwa kwa makumi au mamia ya maelfu ya miaka, huku ikitumia njia ileile ya magma. Koni nyingi za skoria hulipuka kwa kipindi kimoja, siku au miaka michache, kisha njia huziba na magma inayofuata hutafuta pengine. Kwa sababu hiyo hupatikana kwa makundi, kama katika vilima vya Chyulu nchini Kenya, au zikiwa zimetapakaa ubavuni mwa volkano kubwa; Mauna Kea na Etna kila moja ina nyingi. Si zote zinazotii: Cerro Negro ya Nikaragua ilizaliwa mwaka 1850 na imelipuka zaidi ya mara 20 tangu hapo.

Dalili nyingine ambayo huwa naipenda ni mahali lava ilipotokea. Koni ya skoria ni legevu mno kuibeba lava hadi kileleni, hivyo lava huchimbua njia chini na kutoka kwenye kitako cha kilima, wakati mwingine ikibomoa upande mmoja na kuiacha koni na umbo la kwato. Ukiona mkondo wa lava ulioanzia mguuni mwa kilima, huku ubavu wake ukiwa mkavu na wa changarawe, huhitaji ushahidi mwingine mwingi.

Koni ya skoria na kuba la lava

Mwaka 1943 ulitoa mfano wa jozi hii ambao hauna kifani, kwa kuwa volkano mbili zilianza mashambani mbele ya macho ya watu. Tarehe 20 Februari, katika shamba la mahindi la Dionisio Pulido huko Mexico, ardhi ilipasuka na Parícutin ikaanza kurusha skoria. Kwa siku moja tu ilikuwa na kimo cha mita 50 hivi, baada ya mwaka ilizidi mita 300, na ilipozimika mwaka 1952 ilikuwa imefika mita 424 juu ya shamba lile. Lava iliyotoka kitakoni mwake ilikifunika kijiji cha San Juan Parangaricutiro, ambako mnara wa kanisa bado umesimama katikati ya mwamba mweusi. Desemba ya mwaka huohuo, huko Hokkaido nchini Japani, mitetemeko ilianza, na hadi mwaka 1945 shamba la ngano lilikuwa limeinuliwa kwa zaidi ya mita 200 na dasiti iliyokuwa ikisukumwa kutoka chini. Mkuu wa posta wa eneo hilo, Mimatsu Masao, aliuchora ukuaji wa kilima kile, Showa-Shinzan, kutoka sehemu ileile mara kwa mara, na michoro yake ikawa rekodi ya kisayansi yenye thamani kubwa.

Parícutin ilijengwa kwa vitu vilivyoanguka kutoka juu. Showa-Shinzan ilijengwa kwa kitu kilichosukumwa kutoka chini. Kuba hutokea pale magma inapokuwa na mnato mkubwa na imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya gesi yake, hata ikashindwa kutiririka na kujirundika juu ya tundu. Hukua kwa ndani, ganda lake la nje likipasukapasuka na kuangusha mawe ambayo huizunguka kama sketi ya vifusi. Mara nyingi kuba halina kasoko. Kileleni lina miamba mikubwa iliyochongoka, na mara chache husukuma juu mnara wa mwamba mzima. Ule wa Pelée uliotokea baada ya maafa ya 1902 ulizidi mita 300 kabla ya kubomoka.

Katika kuchagua kati ya hizi mbili, ugumu wa mwamba unatosha: koni ni changarawe inayobonyea chini ya mguu, kuba ni mwamba mzito. Kosa katika jozi hii lina gharama, kwa sababu kuba linaloonekana tulivu huweza kuporomoka lilipo na kuzaa mporomoko wa gesi na majivu bila mlipuko wowote wa kutangulia. Tarehe 3 Juni 1991 kuba la Unzen nchini Japani lilifanya hivyo na kuua watu 43, wakiwemo wanavolkano Katia na Maurice Krafft na Harry Glicken, watu ambao hawakuwa wageni wa hatari hiyo. Makuba pia hukaa ndani ya volkano za matabaka, kama katika kasoko ya St. Helens, kwa hiyo mara nyingi ni sehemu ya mlima, wala si mlima unaojitegemea.

Kasoko na kaldera

Kaldera haipaswi kuorodheshwa pamoja na hizo nne, ingawa vitabu vingi hufanya hivyo. Ni tukio linaloweza kuipata volkano ya karibu aina yoyote. Kasoko ni tundu ambalo vitu vilirushwa kupitia kwalo, na kwa kawaida halizidi kilomita moja hivi kwa upana. Kaldera ni shimo lililoachwa na kuanguka kwa paa baada ya magma iliyokuwa chini yake kuondoka. Michoro ya shuleni huonyesha ghala la magma kama puto lililojaa uji mwekundu, na picha hiyo hupotosha, kwani sehemu kubwa ya ghala huwa ni fuwele zilizoshikana zikiwa na kimiminika kidogo katikati.

Magma inaweza kuondoka kwa njia mbili. Tambora ya Indonesia ililipuka mwaka 1815, ikapungua kutoka mita zinazokadiriwa kuwa 4,300 hadi mita 2,850 hivi, na ikabaki na kaldera yenye upana wa kilomita 6. Kilauea, mwaka 2018, ilifanya jambo linalofanana bila mlipuko mkubwa: magma ilitiririka chini kwa chini hadi kwenye nyufa zilizo umbali wa kilomita 40 hivi, na sakafu ya kileleni ikaanguka hatua kwa hatua kwa muda wa miezi mitatu, mahali pengine kwa takriban mita 500. Ngorongoro nchini Tanzania, yenye upana wa kilomita 19 hivi na kuta za mita 600, ni kaldera kwa kipimo chochote kile, japo watu wengi huitaja kama kasoko.

Milipuko ya nyufa haihitaji maneno mengi hapa, kwa kuwa haiachi mlima wa kulinganishwa. Laki ya Iceland, mwaka 1783, ilitoa lava kupitia ufa wa kilomita 27, na kilichobaki ni mstari wa vilima vidogo katikati ya uwanda wa basalti.

Pale mlima unapokataa kundi

Utaratibu ninaouona kuwa salama ni kuanza na ukubwa na mteremko, kisha kukagua matabaka, kisha kuuliza lava ina silika na gesi kiasi gani leo, kwa kuwa magma ya leo si lazima iwe ile iliyoujenga mlima. Ol Doinyo Lengai nchini Tanzania ndiyo inayodai hatua hiyo ya tatu kuliko nyingine zote. Ni volkano ya matabaka yenye miteremko mikali, lakini lava iliyoonekana ikitoka humo katika nyakati zetu ni ya kaboneti zenye sodiamu, haina silika kwa kiasi cha kuhesabika, hutoka ikiwa na nyuzijoto 500 hadi 600 tu, hutiririka karibu kama maji, na hugeuka kutoka nyeusi kuwa nyeupe inapokutana na unyevu. Lava ya namna hiyo haiwezi kujenga koni kali peke yake; sehemu kubwa ya mlima ni majivu na mawe yenye silika kutoka milipuko ya zamani, na mwaka 2007 hadi 2008 mlima ulirudia tabia hiyo na kulipuka kwa majivu. Menengai ya Kenya, kwa upande wake, ni ngao iliyojengwa zaidi kwa trakiti, mwamba wenye silika nyingi kuliko basalti, na kileleni ina kaldera yenye urefu wa kilomita 12 hivi. Kwa milima kama hii ni afadhali kuandika majina mawili, la mjengo na la lava ya sasa, kuliko kulazimisha moja.